Kitangulizi ni matako: maana yake kwa mama anayetamani kuzaa kwa njia ya kawaida

Kwenye kadi ya kliniki ya wajawazito ya Tanzania kuna mistari miwili ambayo akina mama wengi huipita bila kuiangalia: mlalo wa mtoto na kitangulizi. Mlalo ni jinsi mgongo wa mtoto ulivyoelekea tumboni, wima au kukingama. Kitangulizi ni kiungo kilicho chini kabisa, karibu na mlango wa kizazi, ambacho ndicho kitakachotoka kwanza. Mara nyingi huandikwa kichwa. Siku muuguzi anapoandika matako ndipo mama anapoanza kuulizauliza, na jibu analolipata, tena kabla hata hajafika nyumbani, ni "basi wewe utapasuliwa."

Jibu hilo linakuja mapema mno. Huenda akapasuliwa kweli, na huenda ikawa ndiyo njia bora kwake. Lakini kati ya neno lile kwenye kadi na chumba cha upasuaji kuna mambo kadhaa ambayo mama ana haki ya kuyajua, na baadhi yake yana muda wake. Wiki zikipita, yamepita.

Kutanguliza matako maana yake mtoto amekaa kitako, kichwa kikiwa juu chini ya mbavu za mama. Si ugonjwa wala si kosa la mtu. Ni mkao wake siku aliyopimwa. Mimba ikiwa na wiki 28, mtoto 1 kati ya 5 hivi hukaa namna hiyo, maana bado nafasi ipo na anapinduka apendavyo. Kadiri anavyokua kichwa huelekea chini, na mimba ikishatimia, wanaobaki wamekaa kitako ni 3 au 4 tu kati ya 100. Kwa hiyo mama anayeambiwa habari hii akiwa na miezi saba hana sababu ya kukosa usingizi. Anayeambiwa wiki ya 36 ana la kufanya, na alifanye wiki hiyohiyo.

Mikao yenyewe haifanani. Ulio wa kawaida zaidi ni ule wa matako kutangulia huku miguu imenyooka kwenda juu, vidole karibu na uso, kama mkasi uliofungwa. Wapo wanaokunja magoti wakakaa kama mtu aliyeketi mkekani. Na wapo wanaotanguliza mguu mmoja au yote miwili, na hao ndio wanaowatia wakunga wasiwasi mkubwa, kwa kuwa mguu hauzibi njia vizuri na kamba ya kitovu inaweza kuchomoka kabla ya mtoto. Ukiambiwa "amekaa kitako", uliza amekaaje. Altrasaundi ndiyo inayoonyesha hilo kwa uhakika, ingawa mkunga mwenye mikono mizuri hulihisi kwa kupapasa: kitu cha duara, kigumu, kinachochezacheza juu ya tumbo, na mapigo ya moyo yakisikika juu ya kitovu cha mama badala ya chini yake. Mama mwenyewe pia huhisi. Mateke yanampata chini, kwenye kibofu, na mbavu zinamuuma upande ambako kichwa kimeegemea.

Sababu? Mara nyingi haionekani kabisa. Mara nyingine kuna uvimbe kwenye kizazi, au kondo la nyuma limekaa chini, au maji ya chupa ni mengi mno au machache mno, au ni mapacha, au kizazi chenyewe kina umbo lisilo la kawaida. Haihusiani na mama kulala chali, kufunga khanga kwa kuikaza au kubeba ndoo, na anayemwambia mjamzito hivyo anamwongezea mzigo asioustahili.

Hofu ya madaktari iko kwenye kichwa. Kichwa ndicho kiungo kikubwa na kigumu zaidi cha mtoto mchanga. Kikitangulia, kinafungua njia polepole, saa nyingi, kikijifinyanga kulingana na nyonga za mama. Kikishatoka, mwili unafuata bila shida. Mtoto aliyekaa kitako anakuja kinyume. Matako laini na mwili vinapita, halafu kichwa kinafika mwisho bila kupata muda wa kujifinyanga, na wakati huo kamba ya kitovu imeshabanwa. Kikikwama, dakika zinahesabika. Ndiyo maana uzazi huu si wa kufanyia nyumbani, na hapo sina neno la kulainisha.

Sasa kuna njia ya katikati ambayo akina mama wengi hawaisikii kabisa: kumgeuza mtoto kwa nje. Daktari aliyefundishwa kazi hiyo huweka mikono juu ya tumbo la mama, anayainua matako ya mtoto kutoka kwenye nyonga, kisha anamsukuma taratibu apinduke kama anayepiga kichwangomba, mpaka kichwa kishuke chini. Kwa mwenye mimba ya kwanza hufanywa kuanzia wiki ya 36. Kwa aliyekwisha kuzaa, wiki ya 37. Mama hukojoa kwanza ili kibofu kiwe tupu, altrasaundi hupigwa, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa, na mara nyingi mama huchomwa sindano ya kulegeza kizazi, ambayo itaufanya moyo wake uende mbio kwa muda. Kugeuza kwenyewe huchukua dakika chache. Kunabana, na kwa wengine kunauma. Mama akisema basi, ni basi. Baadaye moyo wa mtoto husikilizwa tena, na mama mwenye damu ya kundi lenye alama ya kutoa (Rh hasi, kama O-) huchomwa sindano nyingine ya kumkinga mtoto.

Hufaulu kwa karibu nusu ya wanaojaribu, zaidi kwa waliokwisha kuzaa kwa sababu misuli ya tumbo imelegea. Mtoto akishageuka, ni nadra arudi kukaa kitako. Hatari ipo ila ni ndogo: takriban mama 1 kati ya 200 huhitaji kupasuliwa kwa dharura muda mfupi baadaye, na hiyo ndiyo sababu kazi hii hufanywa hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati. Haifanywi kwa mwenye kondo lililoziba njia, aliyetokwa na damu karibuni, ambaye chupa imeshapasuka au mwenye mapacha. Si kila hospitali ya Afrika Mashariki ina mtu wa kuifanya. Lakini swali "hapa mnageuza mtoto kwa nje, na kama sivyo, mnaweza kunipa rufaa?" halilipiwi, na likiulizwa wiki ya 36 lina uzito ambao halina wiki ya 39.

Nisikae kimya kuhusu kukandwa. Katika sehemu nyingi za kwetu mjamzito aliyeambiwa mtoto amekaa vibaya hupelekwa kwa mkunga wa jadi, akakandwa kwa mafuta ili mtoto "arudi mahali pake." Kwa macho, mikono ile inafanana na ya daktari. Tofauti iko katika visivyoonekana. Anayekanda nyumbani hajui kondo limekaa wapi, hasikii moyo wa mtoto ukidhoofika, na kondo likibanduka hana pa kumkimbiza mama. Namheshimu bibi aliyezalisha kijiji kizima, na najua faraja ya kushikwa na mtu anayekujua. Mikono yake na ikande mgongo na miguu. Tumbo aliachie hospitali.

Mazoezi ya kupiga magoti na kuinua makalio yamesifiwa sana, ila tafiti hazijathibitisha kwamba yanamgeuza mtoto. Kama yanampa mama utulivu, hakuna ubaya. Asiyategemee tu yakampotezea wiki.

Je, mtoto akikataa kugeuka, kuzaa kwa njia ya kawaida kumekwisha? Hapa kuna historia inayofaa kujulikana. Mwaka 2000 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti mkubwa ulioongozwa na Mary Hannah wa Toronto, Kanada, uliohusisha wanawake 2,088 katika nchi 26. Watoto waliopangiwa upasuaji walipata madhara makubwa au kufa kwa kiwango cha 1.6 kati ya 100, na waliopangiwa njia ya kawaida 5 kati ya 100. Dunia ilibadilika kwa haraka ya ajabu. Uholanzi, upasuaji kwa watoto waliokaa kitako ulitoka asilimia 50 hadi 80 ndani ya miezi michache. Hata hivyo, mwaka 2004 watafiti walewale waliwafuatilia sehemu ya watoto hao walipofika miaka miwili, na hawakuona tofauti kati ya makundi mawili katika vifo na ucheleweshaji wa ukuaji wa akili. Mwaka 2006 utafiti wa Ufaransa na Ubelgiji, wenye wanawake zaidi ya 8,000, ulionyesha kwamba mama akichaguliwa kwa makini na kuhudumiwa na wazoefu, pengo lile la hatari halionekani. Lakini kufikia hapo wakunga na madaktari wengi vijana walikuwa hawajawahi kuona uzazi huo kwa macho. Ujuzi usiotumika hupotea mikononi, na kwangu hilo ndilo hasara kubwa kuliko zote, kwani mtoto aliyekaa kitako hatasubiri siku zote mpaka mama afike kwenye kisu.

Chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kinakadiria vifo vya watoto kuwa karibu 2 kati ya 1,000 kwa njia ya kawaida akiwa amekaa kitako, 1 kati ya 1,000 kichwa kikitangulia, na nusu ya hapo kwa upasuaji uliopangwa baada ya wiki 39. Hizo ni takwimu za nchi yenye hospitali nzuri. Hatari ni kubwa zaidi, wala si ya kupuuzwa, lakini si hukumu ya kifo kama inavyosimuliwa.

Masharti ya kumzaa kwa njia ya kawaida akiwa amekaa kitako ni magumu na yanastahili kuwa magumu. Mtoto asitangulize miguu. Kidevu kiwe kimeinamia kifua, asiwe anatazama juu. Asiwe mdogo mno wala asizidi kilo 3.8 hivi kwa makadirio. Uchungu uanze na kusonga mbele wenyewe. Na awepo mtu aliyewahi kuzalisha watoto wa namna hii, ambaye anajua kwamba kazi yake kubwa ni kutokumvuta mtoto. Kuvuta ndiko kunakofanya mikono ipande juu ya kichwa na kidevu kiinuke. Yakikosekana haya, mama anayechagua upasuaji hajashindwa.

Neno hilo, kushindwa, linasemwa sana mitaani: "huyo hakuzaa, alipasuliwa." Linaumiza mtu aliyejiandaa miezi tisa kwa jambo moja akapata lingine. Huzuni ile ni ya kweli na haifutwi kwa kuambiwa "shukuru mtoto mzima." Anaweza kushukuru na kulia siku moja. Apange anayoweza kuyapanga: ganzi ya mgongoni ili awe macho, mtoto awekwe kifuani mapema, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Aombe altrasaundi asubuhi ya upasuaji, kwa kuwa wachache hugeuka dakika za mwisho. Aulize pia kuhusu mimba zijazo, maana kovu lina athari zake, hasa kwa anayetaka watoto wengi. Hata hivyo, baada ya upasuaji mmoja, karibu 3 kati ya 4 wanaojaribu njia ya kawaida hospitalini hufaulu.

Uchungu au maji yakianza kabla ya siku iliyopangwa, aende hospitali papo hapo. Kamba ya kitovu ikionekana nje, asiishike wala kuirudisha. Apige magoti, kifua chini, makalio juu, mpaka asaidiwe.

Usukumani mtoto aliyetanguliza miguu huitwa Kashinje, na Unyamwezini Kashindye, jina analolibeba maisha yake yote. Alizaliwa vingine, akapokelewa, akapewa jina lake.

Mtoto aliyekaa kitako, hata aliyetolewa kwa upasuaji, apimwe nyonga, kwa altrasaundi kwenye wiki ya 6 hivi au angalau kwa mikono ya daktari, kwa kuwa mifupa yake huwa hatarini kutokaa sawa kwenye maungio. Na siku za mwanzo, ukimlaza chali, usishtuke miguu yake ikipanda yenyewe kuelekea usoni. Ndivyo alivyolala tumboni, na itashuka baada ya siku chache.