Tumbo la mtungi na shingo yake: kusoma vitundu vya miamba ya makaa ya mawe

Nikiwaambia watu hapa Dodoma kwamba nashughulika na miamba yenye makaa ya mawe, swali la kwanza ni lilelile: huku makaa ya mawe yako wapi? Hayapo. Sisi tumekaa juu ya graniti kongwe yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Makaa yako kusini magharibi, Ngaka, Mchuchuma na Kiwira, ndani ya mashapo ya Karoo, yaani matabaka ya kale ya mchanga na tope yaliyogeuka mawe. Zinazosafiri kuja huku ni sampuli za choronge, yaani vipande vya mwamba vyenye umbo la mche vilivyotolewa ardhini kwa kuchoronga, zimepangwa kwenye masanduku kwa kufuata kina zilikotolewa. Kazi yangu ni kuvisoma vitundu vyake.

Maji ya Makutupora tunayokunywa mjini yamekaa kwenye nyufa za graniti na sehemu zake zilizolika. Kwenye mashapo, maji na gesi hukaa pia katikati ya chembe na chembe. Jiwe la mchanga lililolala juu ya makaa likiwa na vitundu vinavyopitisha, mchimbaji akivunja paa la mgodi maji yanammwagikia. Makaa yenyewe huficha gesi ya methani kwenye vitundu vyenye upana usiofika nanomita 2 (nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita). Ndiyo maana siwezi kuliona jambo hili kuwa la vitabuni tu.

Naanza na tone la maji. Nalidondosha juu ya jiwe la mchanga lililokauka, na mara nyingi linazama kabla sijahesabu hadi kumi. Juu ya jiwe la tope linabaki limevimba, kama juu ya kioo. Halafu nakigusa kipande kwa ncha ya ulimi. Kikinata, najua kuna mfinyanzi na vitundu vidogo vinavyofyonza mate. Mizani inafuata: jiwe likiwa kavu, likiwa limeshiba maji, kisha likiwa limening'inia ndani ya maji. Vipimo hivyo vitatu vinatosha kutoa asilimia ya nafasi tupu.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo ninapopingana nao. Tuseme mawe mawili yote yana asilimia 12. Moja linapitisha maji vizuri, la pili karibu halipitishi kabisa. Tofauti iko shingoni. Kitundu ni kama mtungi: tumbo pana, shingo nyembamba, na kinachopita hupimwa na shingo. Ukilijaza jiwe hilo la pili gundi ya buluu, ukalikata jembamba kiasi cha kupitisha mwanga na kuliweka chini ya hadubini, unaona buluu nyingi, lakini kati ya chembe na chembe yamebanana majani madogo ya kaolini, aina ya mfinyanzi, yaliyopangana kama kurasa. Asidi za mimea iliyooza zilikula felspari, madini yaliyokuwa kwenye mchanga, na mabaki yakaziba njia.

Shingo hizo nazipima kwa zebaki. Zebaki hailowanishi mwamba, kwa hiyo haiingii mpaka isukumwe, na kadiri shingo inavyokuwa nyembamba ndivyo nguvu inavyohitajika zaidi. Mwanakemia wa Marekani, Edward Washburn, aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1921. Kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, zebaki huingia palipo na upana wa takriban mikromita 15 (mikromita moja ni nanomita 1,000). Ukifika megapaskali 200, karibu mara elfu mbili ya mgandamizo huo, inapenya hadi kwenye nanomita 7 hivi. Lakini mashine huhesabu tumbo lote chini ya jina la shingo yake. Tumbo kubwa nyuma ya shingo ndogo litasomeka kama kundi la vitundu vidogo, na anayesoma mchoro bila kukumbuka hilo atapotea.

Kwa makaa nina tahadhari zaidi. Ni laini, hivyo mgandamizo mkubwa huyabonyeza, na mashine hudhani zebaki imeingia mahali ambapo haijaingia. Gesi ya naitrojeni, ambayo nayo hutumika kupima vitundu, kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri hujikokota mno kuingia kwenye vitundu vyembamba kabisa. Kwa hivyo natumia kaboni dioksidi kwenye nyuzi sifuri, ambayo hupenya.

Kosa lililoniuma zaidi lilitokea kabla ya mashine yoyote. Katika maabara niliyokuwa nafanyia kazi zamani, sampuli zangu za mawe ya tope zilikaushwa usiku kucha kwa nyuzi 105. Asubuhi nilikuta nyufa nyembamba kama unywele zikifuata matabaka. Mfinyanzi ulikuwa umepoteza maji yake na kusinyaa. Takwimu zilitoka nzuri ajabu, na zote zilikuwa za nyufa tulizozitengeneza sisi wenyewe. Tangu hapo nakausha kwa nyuzi 60, siku kadhaa, mpaka uzito uache kushuka. Joto na muda wa kukausha nauandika kwenye lebo ya kila kipande, na ripoti isiyotaja mambo hayo mawili nairudisha kwa mwenyewe kabla sijafungua ukurasa wa takwimu.