Kuchagua Kioo cha Nyuma cha Baiskeli: Ubinuko Kabla ya Ukubwa

Wateja wanaofika kwenye karakana yangu hapa Kisumu kutafuta kioo cha kuonea nyuma huuliza, karibu wote, kipi ni kikubwa zaidi. Mimi huanzia kwingine: uso wa kioo umebinuka kiasi gani? Ubinuko ndio unaoamua utaona upana gani wa barabara, na ndio unaoamua pia utadanganyika kiasi gani kuhusu umbali.

Tuchukue kioo bapa chenye upana wa sentimita 6, kilichofungwa kwenye usukani, sentimita 60 hivi kutoka machoni. Mita 20 nyuma yako, kioo hicho kinaonyesha ukanda wa barabara wenye upana wa mita 2 tu, kiasi kwamba matatu moja (basi dogo la abiria) inakaribia kuujaza, na pikipiki inayokuja kando yake haionekani kabisa. Kioo mbinuko cha upana huohuo, ambacho uso wake umekatwa kutoka tufe lenye nusu kipenyo cha mita 1.2, kinaonyesha mita 4. Kilichobinuka zaidi, cha nusu kipenyo cha sentimita 40, kinafikia mita 8. Lakini kadiri upana unavyoongezeka ndivyo picha inavyopungua: katika kioo cha mita 1.2, matatu iliyo mita 20 nyuma yako huonekana ndogo kana kwamba iko mita 40, na katika kile cha sentimita 40 huonekana kana kwamba iko mita 80. Ikiwa matatu hiyo inakwenda kilomita 60 kwa saa nawe unakanyaga kwa kilomita 15, pengo kati yenu linapungua kwa mita 12.5 kila sekunde, kwa hiyo mita 20 hizo zinakwisha katika muda usiofika sekunde 2, ilhali aliyeamini mita 80 anadhani bado ana sekunde 6.

Kwa sababu hiyo siwashauri waendeshaji kununua vile vioo vidogo vya duara, vilivyobinuka sana, vinavyotengenezwa kwa ajili ya kubandikwa juu ya vioo vya magari, ingawa ni rahisi na vinapatikana kila mahali. Kwa usukani wa kawaida, ubinuko wa karibu mita 1.2 unafaa: unaonyesha njia nzima na ukingo wake, na upotofu wake wa umbali, ambao ni kama mara mbili, jicho huuzoea upesi. Pakiti nyingi haziandiki kipimo hiki, lakini unaweza kukikadiria dukani. Beba kioo kidogo bapa cha kunyolea, ukishike sambamba na kile unachotaka kununua, vyote viwili umbali wa mkono ulionyooshwa, kisha utazame uso wako. Katika kioo cha mita 1.2 uso utaonekana kama theluthi mbili ya ulivyo kwenye kioo bapa. Ukiuona umepungua hadi chini ya nusu, kirudishe kioo hicho kwenye rafu.

Upande wa kukifunga hauna mjadala. Kenya tunapita kushoto na tunapitwa kulia, basi kioo kimoja kikiwa kulia kinatosha. Tatizo ni kwamba vioo vingi vinavyoagizwa vimeundwa kwa ajili ya nchi zinazopita kulia, kama vile Ujerumani na Marekani, na shingo zake zimepindwa ili zikae kushoto. Zungusha shingo hapohapo dukani uone kama inageuka. Isipogeuka, kioo kitatazama angani au kifuani mwako.

Hapa ndipo aina ya baiskeli inapoingia. Kwenye baiskeli za milimani zenye usukani ulionyooka, kioo kinachochomekwa kwenye tundu la ncha ya usukani ni chaguo zuri sana, kwa kuwa shingo yake ni fupi na mkono wako haukizibi. Kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma ya kubebea mizigo, hakifai, kwa maana ncha za usukani wake zinarudi nyuma kuelekea kwa mwendeshaji, na kioo kikikaa hapo kitagonga goti kila unapokata kona. Baiskeli hiyo inahitaji kioo cha kubana kwa bolti, kifungwe mbele kidogo ya mshikio, na shingo itokeze nje kupita kiwiko. Tahadhari na breki: wenzo wake ni wa chuma na unakwenda sambamba na bomba la usukani, kwa hiyo kibano kikikaa vibaya kitaukaza. Kaza bolti, kisha vuta breki mara kadhaa kabla ya kumwachia mtu baiskeli yake.

Wengine hupendelea kioo cha pikipiki. Ni imara na kioo chake ni halisi, lakini ni kizito, kinahitaji kipande cha chuma chenye tundu la hesi, mara nyingi la milimita 10, na baadhi ya vile vya Yamaha vya upande wa kulia vina hesi ya kinyume. Zaidi ya hayo shingo yake ni ndefu, na shingo ndefu kwenye changarawe hutikisika mpaka picha inakuwa ukungu mtupu. Kwa kioo chochote, kipande cha tyubu kuukuu kilichozungushwa chini ya kibano hupunguza mtikisiko na huzuia kibano kuteleza. Vioo vya kubandika kwenye kofia ngumu ni vizuri, ila hapa kwetu wanaovaa kofia hizo ni wachache, kwa hiyo sitavizungumzia.

Anayebeba mzigo apime akiwa na mzigo. Gunia la makaa kwenye keria, au abiria mwenye mabega mapana, huziba nusu ya ndani ya kioo, na kioo kilichoonekana kizuri baiskeli ikiwa tupu huwa kinaonyesha gunia tu. Rekebisha ili ukingo wa ndani uguse ukingo wa mzigo, sehemu yote iliyobaki ioneshe barabara. Wanaopita Miwani na Chemelil, kwenye mashamba ya miwa, wakumbuke kwamba trekta la miwa likionekana kiooni, kinachokuja nyuma yake ni tela lenye miwa iliyochomoza pembeni, pana kuliko trekta lenyewe. Hapo ni kutoka barabarani mapema.

Suala la mwisho ni jua, na linawahusu hasa wanaokaa upande wa Ahero, mashariki mwa Kisumu, na kufanya kazi mjini. Asubuhi wanaelekea magharibi jua likiwa mgongoni, jioni wanarudi mashariki likiwa mgongoni tena, kwa hiyo safari zote mbili kioo kinawamulika machoni. Kioo chenye kiungo cha gololi, kinachosogezwa kwa kidole bila spana, kinawafaa zaidi kuliko cha kukazwa kwa nati, kwa sababu wanaweza kukiinamisha kidogo jua likiwa chini, waone lami na magurudumu yanayokuja badala ya anga, kisha wakirudishe jua likishapanda au kuzama.