Kikapu cha Supu na Mgonjwa Aliyepunguzwa Tumbo

Jioni, saa za kutizama wagonjwa, wodini hutangulia kuingia vikapu, watu wakafuata. Chupa ya uji, supu ya pweza, mkate wa kumimina bado wa moto. Zanzibar mgonjwa hutizamwa kwa chakula, na hayo ni mapenzi. Lakini kwa aliyefanyiwa operesheni ya kupunguza uzito, sisi wauguzi kikapu hicho tunakiogopa.

Katika operesheni inayofanywa zaidi, daktari hupitisha vifaa kwenye matundu madogo ya tumbo, akaondoa kama robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi. Kinachobaki ni mrija mwembamba uliopinda kama ndizi, umefungwa kwa mstari mrefu wa pini ndogo. Ndiyo maana siku za mwanzo tunampimia maji kwa kikombe cha dawa, mililita 30, naye akivute kidogo kidogo kwa robo saa. Bakuli la supu litamtapisha. Na mshono ule ukivuja, uchafu humwagika ndani ya tumbo, ikabidi arudishwe chumba cha operesheni haraka.

Jambo jingine ni kustahamili. Tumelelewa hivyo, hasa kina mama: ukiumwa, nyamaza, muombe Mungu. Nawasihi, katika hili msinyamaze. Moyo ukienda mbio kupita mara 120 kwa dakika, ikaja homa, pumzi zikawa fupi, au bega la kushoto likauma bila sababu, mwite muuguzi hata kama ni saa nane ya usiku. Dalili hizo huweza kuwa za mshono unaovuja, au za damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni.

Wenzangu wa kazi nao nina la kuwaambia. Mkanda wa kupimia presha ukiwa mdogo kwa mkono mnene, husoma presha kubwa kuliko iliyopo, na mtu akapewa dawa asiyoihitaji. Mizani iwekwe nyuma ya pazia, na kilo zisitajwe kwa sauti wodi nzima ikasikia. Mgonjwa huyu amechekwa vya kutosha barabarani. Akichekwa na kwetu, hatorudi kliniki.

Si kila mnene anahitaji kupasuliwa. Tunagawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: mwenye kilo 105 na urefu wa mita 1.60 anapata 41. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari au presha. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unapendekeza operesheni kuanzia 35 hata bila ya maradhi hayo.

Aliyetoka Pemba kuja kutibiwa asifanye haraka ya kurudi. Mkondo wa Nungwi wakati wa kusi huwatapisha wazima. Tumbo bichi halihitaji mtikisiko huo. Avuke pale daktari atakapomruhusu, na akiwa chomboni asikae kitako muda wote, anyooshe miguu.

Nyumbani huanza vinywaji, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha laini kama samaki wa kuchemsha, wiki baada ya wiki. Vitamini, madini ya chuma na chokaa ni vya maisha, na kipimo cha damu kisirukwe. Ramadhani ikiingia miezi ya mwanzo, aulize daktari kabla ya kunuia: lita moja na nusu ya maji kwa mikupuo midogo ni vigumu kuitimiza baina ya magharibi na alfajiri, na dini imempa mgonjwa rukhsa.

Anayetaka kumletea kitu wodini amletee ndara zisizoteleza, kisha ampe mkono, waende korido na kurudi mara mbili kabla ya magharibi.