Kabla ya Kumlipa Mwalimu wa Biashara ya Masoko ya Fedha

Mwishoni mwa mwaka 1983, Richard Dennis, mfanyabiashara mashuhuri wa masoko ya Chicago, akishirikiana na William Eckhardt, alichagua kikundi kidogo cha watu, baadhi yao wasiojua lolote kuhusu masoko, akawafundisha kanuni zake kwa wiki mbili. Hakuwatoza ada, aliwakabidhi fedha zake mwenyewe wazifanyie biashara na kuwapa sehemu ya faida, hivyo mwanafunzi alipokosea, hasara ilimwangukia mwalimu.

Masharti kama hayo ni nadra leo, na mwalimu kutoza ada si kosa. Linalopasa kuchunguzwa ni kipato chake kingine. Baadhi ya wanaojitangaza kuwa walimu wa foreksi, yaani biashara ya kununua na kuuza sarafu za nchi mbalimbali, hulipwa kamisheni na dalali, kampuni inayowafungulia wateja akaunti za biashara hiyo, kwa kila mteja wanayemsajili, aghalabu kulingana na wingi wa miamala ya mteja huyo, na wapo wanaogawiwa hata sehemu ya fedha anazopoteza. Mwalimu wa aina hii hapati kitu mwanafunzi wake anapotulia kusubiri, ilhali kusubiri ndiyo sehemu kubwa ya kazi yenyewe.

Mwaka 2018 mamlaka ya Umoja wa Ulaya inayosimamia dhamana (hisa, hati fungani na kadhalika) na masoko ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo wa mikataba ya tofauti ya bei, ambamo mteja hubashiri bei itapanda au itashuka bila kumiliki kitu chenyewe, hupata hasara, ikaweka ukomo kwamba, kwa sarafu kuu, biashara anayofungua mteja kwa kukopeshwa na dalali isizidi mara 30 ya mtaji wake. Hata kwa ukomo huo, anayeutumia wote hupoteza asilimia 30 ya mtaji wake bei ikienda kinyume kwa asilimia 1 tu.

Kwa sababu hiyo, sikiliza mwalimu anaanzia wapi. Anayeanza na chati na magari ya kifahari amelikwepa somo gumu, ambalo ni kiasi cha mtaji cha kuhatarisha katika muamala mmoja. Anayehatarisha asilimia 2 ya salio lake kila mara, akishindwa mara kumi mfululizo, hubaki na takriban asilimia 82 ya mtaji. Anayehatarisha asilimia 20 hubaki na asilimia 11 hivi, na kurudi alikoanzia atahitaji kuzidisha salio hilo zaidi ya mara tisa. Mwombe pia taarifa ya akaunti yake halisi kutoka kwa dalali, ya kipindi kirefu, yenye faida na hasara zake zote. Picha ya simu inayoonyesha faida ya siku moja haithibitishi chochote, kwani hata akaunti ya majaribio, isiyo na fedha halisi, huitoa.

Kufundisha ni jambo moja, kusimamia fedha za watu ni jingine. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2017 za biashara ya fedha za kigeni mtandaoni zinamtaka anayesimamia fedha za wateja awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Tanzania nako, mameneja wa fedha na washauri wa uwekezaji katika dhamana hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mwalimu akikuomba nywila ya akaunti yako, au akitaka umtumie mtaji kwa simu ili akufanyie biashara, tafuta jina lake katika orodha ya wenye leseni kabla ya kutuma hata shilingi moja, hata kama mnasali pamoja.