Kijana Anayekataa Kila Habari Hajafuzu

Wiki hii nimeletewa tena matokeo ya mchezo wa kutambua habari feki, na aliyeyaleta alikuwa na furaha tele: kabla ya kucheza, vijana walinasa nne kati ya kumi, baada ya kucheza, tisa. Nikauliza ninachouliza kila mara: habari za kweli je, waliwekewa ngapi? Hakuna. Zote kumi zilikuwa feki.

Jamani! Kijana aliyefumba macho na kubonyeza "uongo" mara kumi angepata kumi kwa kumi.

Michezo ya aina hii siipingi, ndiyo kazi yangu. Bad News ya mwaka 2018 humweka mchezaji kwenye nafasi ya mwongo: anajifanya mtu mwingine, anachochea hasira, anazua njama, huku akihesabu wafuasi. Wazo lenyewe ni la chanjo, na mwanasaikolojia William McGuire alilifanyia utafiti tangu miaka ya 1960: onja hila kidogo leo, uitambue kesho. Sawa. Lakini mwaka 2023 watafiti Modirrousta-Galian na Higham walichambua upya data za tafiti za michezo hiyo wakaona kwamba wachezaji walizidi tu kusema "uongo", hata kwa habari za kweli. Uwezo wa kutenganisha kweli na uongo haukupanda. Wapo wanaowapinga, na ubishi haujaisha. Mimi nililiona jambo hilo darasani.

Binti mmoja, mwerevu kuliko wenzake, alikataa onyo la kweli la mafuriko. Nikamuuliza kwa nini. "Linatisha, na ulisema habari feki hutumia hofu." Nilisema, ndiyo. Nilimfundisha dalili nikasahau kumwambia kwamba mafuriko nayo yanatisha. Kijana wa namna hiyo hajalindwa. Asiyeamini chochote humwamini rafiki yake, na rafiki huyo ameipata habari palepale anapoipata yeye.

Siku hizi nachanganya za kweli na feki, wala sisemi zipo ngapi za kila aina. Akikataa ya kweli anapoteza alama sawasawa na aliyemeza ya uongo. Nimeongeza kitufe cha tatu: "ngoja nihakiki". Akikibonyeza anatoka kwenye ukurasa, anatafuta wengine wanasemaje kuhusu chanzo kile, ndipo anarudi kujibu. Watafiti Wineburg na McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaona wahakiki wa habari wakifanya hivyohivyo: waliuacha ukurasa upesi, wakati wanahistoria wenye shahada za uzamivu walibaki wakiukagua huohuo na kudanganyika kwa mwonekano wake. Nembo nzuri na anwani inayoishia na .org hazithibitishi kitu.

Nina shaka zangu pia. Huenda mchezo ni chambo tu, na wanachojifunza kinatoka kwenye mazungumzo tunayofanya baadaye, wakibishana kwa nini fulani alikosa. Ndiyo maana anayenitumia kiungo cha mchezo na kuniambia "wape wacheze nyumbani" simjibu haraka.

Kipima muda nimekiondoa, kwa sababu kilimwadhibu anayehakiki. Vijana wakalalamika kwamba mchezo umepoa, na kweli umepoa. Wawili waliuacha katikati. Bado natafuta namna ya kuuchangamsha bila kumharakisha mtu.