Hotspoti Haili Bando: Dhana Potofu Kuhusu Kusambaza Intaneti ya Simu

"Hotspoti inakula bando kuliko kutumia intaneti kwenye simu yenyewe."

Fundi yeyote anayeshughulika na simu na kompyuta ameisikia kauli hii mpaka imemchosha. Mteja ananunua GB 5 asubuhi, anawasha hotspoti, anafungua laptopu ajibu barua pepe mbili, na kabla ya adhuhuri ujumbe unaingia kwamba bando limekwisha. Hapo wengine wanailaumu hotspoti, wengine wanasema kampuni ya simu imewaibia. Laptopu iliyo mbele yao, ambayo ndiyo iliyokula, haimpitii mtu akilini.

Ukiwasha hotspoti, simu inageuka ruta ndogo. Inapokea pakiti za data kutoka kwenye laptopu kwa Wi-Fi, inabadilisha anwani ya mtumaji iwe ya simu, kisha inazipeleka mnarani. Majibu yakirudi, inayarudisha kwa kifaa kilichoyaomba. Kampuni ya simu inahesabu kile kinachopita kati ya simu na mnara, basi. Mazungumzo ya Wi-Fi kati ya simu na laptopu hayaingii kwenye hesabu hiyo. Faili la MB 30 ni MB 30 ukilipakua kwenye simu, na ni MB 30 ukilipakua kwenye laptopu kupitia hotspoti. Na hotspoti iliyowashwa bila kifaa chochote kuunganishwa inakula betri tu, bando haigusi.

Tofauti iko kwenye tabia ya kifaa. Simu inajua kwamba iko kwenye data ya kununua, hivyo inajizuia: programu hazijisasishi, picha hazipandi kwenye hifadhi ya mtandaoni, video zinaletwa kwa ubora wa chini. Laptopu haijui. Inachoona ni Wi-Fi, na Windows kwa kawaida huichukulia Wi-Fi yoyote kuwa haina kipimo. Dakika ileile inapounganishwa inaanza kufanya kazi zote ilizoziahirisha: masasisho ya Windows, masasisho ya programu za Microsoft Store, OneDrive kupandisha mafaili ya kwenye Desktop na Documents, antivairasi kuchukua orodha mpya, Steam kusasisha michezo ambayo hujaigusa tangu mwaka jana. Yote hayo bila dirisha hata moja kufunguka mbele yako.

Piga hesabu mwenyewe. Kwenye 4G ya kasi ya Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde), GB 1 inaisha kwa chini ya dakika 7. Microsoft hutoa masasisho makubwa ya kila mwezi Jumanne ya pili, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa mbili usiku, au saa tatu usiku kwa miezi ambayo Wamarekani wamerudisha saa zao nyuma. Furushi la mwezi mmoja linaweza kufika mamia ya MB, na kuhamia toleo jipya la Windows ni GB kadhaa. Aliyewasha hotspoti usiku huo ili atume wasifu wa kuombea kazi ametuma na kupokea vingine vingi ambavyo hakuviomba.

Dawa yake ni kuiambia laptopu kwamba mtandao huu unapimwa. Kwenye Windows 11 unganisha hotspoti kwanza, kisha fungua Settings, ingia Network & internet, halafu Wi-Fi, bofya sifa za mtandao uliounganishwa, na washa palipoandikwa "Metered connection". Kwenye Windows 10 njia ni karibu hiyohiyo, ila swichi inaitwa "Set as metered connection". Ukishawasha, masasisho mengi yanasimama, OneDrive inasitisha kusawazisha, na Store inaacha kusasisha programu. Masasisho machache ya usalama ambayo Microsoft inayaona ya lazima bado yanaweza kupita, na ni vizuri yapite.

Kuna mitego mitatu hapa, na wengi hunasa kwenye wa kwanza.

Swichi hiyo inafanya kazi kwa mtandao mmoja mmoja. Ukibadilisha jina la hotspoti au ukatumia simu ya mdogo wako, Windows inaona mtandao mpya na inarudi kwenye tabia yake ya zamani. Kwa hiyo usibadilishe jina la hotspoti ovyo.

Wa pili: ukiunganisha simu kwa waya wa USB, Windows haioni Wi-Fi tena, inaona Ethernet. Uliyoyaweka upande wa Wi-Fi hayahusiki. Ingia sehemu ya Ethernet uwashe "Metered connection" huko pia.

Wa tatu: swichi haizuii unachokifungua mwenyewe. Video ya YouTube kwenye kivinjari itaendelea kuja kwa ubora mkubwa, kwa kuwa skrini ni kubwa na kasi inaruhusu. Bofya alama ya gia kwenye video uchague 480p kwa mkono. Programu kama Steam nazo zina mipangilio yake zenyewe. Zifunge kabisa, pamoja na ile alama inayobaki karibu na saa kwenye kona ya chini ya skrini.

Watumiaji wa Mac wana kitu cha aina hiyo tangu macOS Monterey, kinaitwa "Low Data Mode", kwenye maelezo ya mtandao wa Wi-Fi husika. iPhone inayopokea hotspoti ya mtu mwingine inacho pia: gusa alama ya i pembeni ya jina la mtandao.

Na kabla hujaenda kugombana na wahudumu wa kampuni ya simu, angalia ushahidi. Kwenye Android, sehemu ya matumizi ya data huonyesha hotspoti kwa mstari wake, ukitenganishwa na programu za simu. Kwenye Windows, fungua "Data usage" ndani ya mipangilio ya mtandao uone kila programu imetumia kiasi gani kwa siku 30 zilizopita. Mara nyingi mhalifu yuko juu kabisa ya orodha, kwa jina.

Watu husahau pia kwamba simu ya rafiki ni kifaa kama laptopu. "Nirushie kidogo nijibu meseji" inaonekana ombi dogo. Lakini WhatsApp, isipobadilishwa, hupakua picha, sauti, video na nyaraka zote zenyewe ikiwa kwenye Wi-Fi. Google Photos nayo hungoja Wi-Fi ipandishe picha, na Play Store hungoja Wi-Fi isasishe programu. Rafiki anajibu meseji tatu, mfukoni mwake simu inapandisha video zote za harusi ya Jumamosi. Simu za Android huweza kupeana ishara kwamba mtandao huu ni hotspoti, ila si kila programu inaijali, na laptopu nyingi haziijali. Mwambie aguse jina la mtandao wako kwenye orodha ya Wi-Fi na achague kwamba mtandao huo unapima data.

Mlafi kuliko wote ni televisheni janja. Kwa takwimu za Netflix yenyewe, ubora wa chini unatumia hadi GB 0.3 kwa saa, HD hadi GB 3, na 4K hadi GB 7. Televisheni huchagua ubora wa juu kabisa ambao kasi yako inauruhusu. Kama lazima uangalie kwa bando la simu, punguza ubora kwenye mipangilio ya akaunti, ukurasa wa wavuti, kabla hujawasha hotspoti.

Dhana nyingine hazihitaji maelezo marefu hivyo.

"Kurushiana filamu kwa Xender hotspoti ikiwa imewashwa kunakula bando." Hapana. Faili linatoka simu moja kwenda nyingine kwa Wi-Fi bila kupita mnarani. Kinachoweza kutumia data ni matangazo ndani ya programu hiyo. Zima data ya simu, uone filamu ikipita vilevile.

"Hotspoti inaua betri." Inayoua betri ni joto. Redio ya 4G na ya Wi-Fi zikifanya kazi pamoja huku simu ikichajiwa ndani ya kava nene, dirishani penye jua, simu itachemka, na betri ya lithiamu inachakaa haraka kwenye joto. Vua kava, iweke kivulini, au tumia waya wa USB: redio ya Wi-Fi inapumzika na simu inapata chaji taratibu, mA 500 kwenye tundu la USB 2.0 na mA 900 kwenye USB 3.0. Ushauri wangu kwa anayefanya kazi mezani kutwa nzima ni waya, kila siku. Ukinunua, nunua waya unaopitisha data. Mingi inayouzwa bei chee ni ya kuchajia tu, na ndiyo maana watu husema "USB imekataa".

"Weka GHz 5 ili intaneti iwe na kasi." Kama mnara unakupa Mbps 15, hata masafa ya Wi-Fi ya GHz 2.4 yanazipitisha bila shida. GHz 5 inasaidia pale ambapo kuna Wi-Fi nyingi zinazogombania hewa, kama kwenye majengo ya ghorofa yenye wapangaji wengi. Hasara yake ni kwamba haifiki mbali, inazuiwa na kuta, na laptopu nyingi za zamani haziioni kabisa. Laptopu isipoiona hotspoti, rudisha GHz 2.4 kwanza kabla ya kufikiria kufomati. Kwenye iPhone 12 na za baadaye, washa "Maximize Compatibility". Kasi ikiwa ndogo, sogeza simu karibu na dirisha. Kinachokwama kwa kawaida ni mawimbi ya mnara.

"Nikiificha hotspoti hakuna atakayeingia." Jina lililofichwa linaonekana kwa programu za bure za kuchungulia Wi-Fi. Kinachokulinda ni usimbaji wa WPA2 au WPA3 (unachagua kwenye mipangilio ya hotspoti) na nenosiri refu. Kima cha chini ni herufi 8, na 12345678 si nenosiri. Kumzuia mtu kwa anwani ya MAC, yaani namba inayokitambulisha kifaa chake kwenye Wi-Fi, nako hakusaidii sana, kwa sababu tangu Android 10 na iOS 14 simu hujibadilishia anwani hizo. Uliyempa nenosiri anaweza kumpa mwenzake kwa msimbo wa QR bila wewe kujua. Badilisha nenosiri, wote watoke.

"Nina bando la WhatsApp, laptopu itatumia hilo." Bando la mitandao ya kijamii linahesabu programu zilizotajwa tu. Windows ikianza kusasisha, data hiyo inatoka kwenye bando la kawaida, na lisipokuwepo inaweza kukata salio. Wala usitegemee kwamba kampuni haijui. Pakiti ikipita kwenye ruta, namba yake ya TTL, yaani idadi ya ruta inazoruhusiwa bado kupita, inapungua kwa moja: ya Windows inatoka 128 kuwa 127, ya Mac inatoka 64 kuwa 63. Mtandao ukitaka kutofautisha, unaona. Soma masharti ya bando kabla ya kulipia, hasa yale yanayoitwa bila kikomo.

"Nimewasha VPN kwenye simu, kwa hiyo laptopu imelindwa." VPN ni njia iliyofichwa ya kupitishia data, na kwa kawaida data ya hotspoti haipiti kwenye VPN ya simu, iwe Android au iPhone. Weka VPN kwenye laptopu yenyewe.

"Niko kwenye Wi-Fi ya ofisi, hotspoti yangu inasambaza hiyo." Inategemea simu. Nyingine huweza, nyingi huzima Wi-Fi kimyakimya na kuhamia kwenye bando lako. Android ikiunganishwa kwa USB husambaza mtandao wowote ambao simu inautumia kwa wakati huo, hata Wi-Fi.

"Hotspoti imeharibika, haiwaki." Angalia kwanza kama Kiokoa Data kimewashwa; kwenye Android nyingi hotspoti haiwaki kikiwepo. Ikiwa inawaka lakini laptopu haipati intaneti, na simu imeletwa kutoka nje, fungua mipangilio ya APN (jina la lango ambalo simu inapitia kuingia intaneti ya kampuni) na kwenye aina ya APN andika default,supl,dun. Kwenye iPhone ambayo menyu ya hotspoti imepotea, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa data ya simu, shuka hadi sehemu ya "Personal Hotspot" na ujaze APN ileile uliyojaza juu, kisha zima simu na uiwashe. Laini isiposhika hata baada ya hapo, kuna uwezekano simu imefungwa na kampuni ya huko ilikotoka, na kuifungua ni kazi ya kampuni hiyo.