Herufi za mkiani si lazima ziwe jina la ndege redioni

Wengi huamini kwamba herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege ndilo jina ambalo rubani hulitumia kila anapozungumza na mwongoza ndege. Kwa ndege ndogo za Uwanja wa Wilson, Nairobi, mara nyingi ni kweli. Ila ndege ya shirika kubwa, ingawa nayo ina usajili unaoanza kwa 5Y ikiwa ya Kenya au 5H ikiwa ya Tanzania, huitwa kwa jina la redioni la shirika na namba ya safari. Ndiyo maana ndege ya Kenya Airways husikika ikiitwa "Kenya", na ya British Airways, kwa ajabu kidogo, "Speedbird".

Mkanganyiko hasa huletwa na ufupisho. Kanuni huruhusu kubakiza alama ya kwanza ya usajili na herufi mbili za mwisho, hivyo tuseme 5Y-ABC na 5Y-TBC ziko angani pamoja: zote mbili zinakuwa 5BC, na ruhusa ya kutua ya moja yaweza kupokewa na nyingine. Kwa hiyo rubani hajifupishii jina mpaka mwongoza ndege aanze kulifupisha.